Chungu kikipasuka mezani, nani alipe?

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MFINYANZI wa vyungu, msusi wa mikeka na fundi wa vigoda katika wilaya za Mbinga na Nyasa mkoani Ruvuma wana jambo moja linalowafanya wafanane na mwenye kiwanda kikubwa cha Dar es Salaam. Kitu walichokitengeneza na kukiuza kikimdhuru mtu, sheria inaweza kuwataka wamlipe fidia.

Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda, kwa kawaida, huwa amekata bima ya kumlipia. Fundi wa mikono hulipa kwa alichonacho, nacho aghalabu ni akiba ya msimu mmoja wa kahawa, pikipiki au bidhaa alizokwisha kuzitengeneza.

Bima inayozungumziwa hapa huitwa bima ya dhima. Hailipi hasara iliyompata mwenye kuikata, bali hulipa hasara ambayo yeye amemsababishia mtu mwingine.

Watanzania wengi wanaijua sura moja tu ya bima hiyo, ile ya magari na pikipiki inayoitwa mitaani "thadi pati". Wanaijua kwa sababu sheria inamlazimisha mwenye chombo cha moto kuwa nayo kabla hajaingia barabarani, na trafiki yupo kuikagua.

Kwa muuzaji wa kazi za mikono hakuna sheria inayomlazimisha wala askari wa kumkagua. Hata hivyo, wajibu wa kulipa upo palepale, awe na bima au asiwe nayo. Bima haiuleti wajibu huo wala haiuondoi. Inaamua tu fedha zitoke mfuko gani.

Biashara iliyotoka kijijini

Kwa miaka mingi suala hili halikuwa na uzito katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Vyungu vya Wakisi, kutoka pande za Kyela na Ludewa, vilisafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa kwa watu waliomfahamu mfinyanzi au jamaa zake. Chungu kikipasuka upesi, mnunuzi alilalamika, akapewa kingine, maneno yakaisha.

Mazingira hayo yamebadilika. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imepunguza adha ya safari ya milimani, na mwaka 2024 liliwekwa jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay.

Kikapu kilichosukwa Liuli au Lituhi sasa chaweza kufika Songea upesi, kikapanda basi la Dar es Salaam na kuishia katika duka la zawadi ambalo msusi hajapata kuliona. Nyumba za kulala wageni zilizoko ufukweni nazo hununua viti, meza na mikeka kutoka kwa mafundi wa jirani.

Umbali huo ndio unaobadilisha hesabu. Mtumiaji wa mwisho hamjui fundi, hana undugu naye na hana mzee wa ukoo wa kuwapatanisha. Akiumia atamfuata aliyemuuzia, naye muuzaji atataka kujua kitu kile kilitoka kwa nani.

Sheria inasemaje

Mtu aliyedhuriwa na bidhaa anaweza kudai kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni uzembe. Msingi wake unaojulikana zaidi ulitokana na kisa kilichotukia mwaka 1928 katika mji wa Paisley, Scotland, ambako May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake. Alidai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na mabaki ya konokono yaliyooza, na kwamba yalimuugua.

Donoghue hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwa kuwa si yeye aliyeinunua soda ile. Pamoja na hayo, mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kuwa mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa ajili ya mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajapata kuonana.

Mahakama za Tanzania zilirithi misingi ya sheria za Uingereza, na fundisho hilo linajulikana vyema kwa wanasheria wetu. Kwa mfinyanzi maana yake ni kwamba chungu kikipita kwa mchuuzi, kisha kwa mwenye duka, kisha kwa mama wa nyumbani, wajibu wake haukomi kwa mchuuzi.

Njia ya pili ni mkataba wa mauzo. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Hapa mnunuzi hahitaji kuthibitisha uzembe. Mwenye duka aliyesema chungu ni cha kupikia anaweza kuwajibika ingawa hakukifinyanga, naye akamgeukia aliyemuuzia.

Njia ya tatu ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Sheria hiyo ina sehemu zinazohusu usalama wa bidhaa, masharti yasiyoandikwa katika mikataba ya walaji, na wajibu wa watengenezaji.

Muda wa kudai nao si mfupi. Chini ya Sheria ya Ukomo, dai la madhara yatokanayo na uzembe laweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na dai la mkataba ndani ya miaka 6. Kigoda kilichouzwa leo kinaweza kuzua kesi wakati fundi amekwisha kusahau alimuuzia nani.

Je, maskini hushitakiwa?

Wapo wanaosema kuwa hakuna mtu atakayepoteza nauli kumshitaki msusi wa mikeka. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, kwani Sheria ya Mwenendo wa Madai hairuhusu kila mali ya mdaiwa ikamatwe. Vyombo vya kupikia, zana za fundi na nyumba anamoishi yeye na familia yake zina kinga.

Lakini fedha zilizoko benki, bidhaa zilizo tayari kuuzwa na chombo cha usafiri vinaweza kukamatwa. Aidha, madai mengi hayafiki mahakamani. Humalizwa mbele ya wazee au ofisi ya kata, ambako mdaiwa asiyeijua kinga yake anaweza kuahidi kuuza kiwanja ili aepuke aibu.

Tena hasara kubwa zaidi yaweza kuwa ya soko. Mwenye duka au hoteli aliyewahi kumlipa mgeni aliyeumia hatapenda kununua tena kwa fundi asiye na kinga yoyote, hata kama kazi yake ni nzuri.

Bima tatu zinazochanganywa

Anayekwenda kuulizia bima anapaswa kutofautisha mambo matatu.

La kwanza ni dhima kwa umma. Hii huhusu madhara yanayotokana na shughuli au mahali pa biashara. Kwa mfano, nguzo ya kibanda ikimwangukia mtoto siku ya mnada, au mteja akijikwaa katika rundo la vinu na kuvunjika mkono, dai lake ni la aina hii.

La pili ni dhima ya bidhaa. Hii huhusu madhara yanayotokea baada ya kitu kuuzwa na kuondoka mikononi mwa muuzaji. Mgeni akikalia kigoda kikavunjika, au chungu kikapasuka jikoni na mchuzi wa moto ukamuunguza mpishi, dai ni la aina hii.

La tatu ni bima ya mali, nayo si ya dhima kabisa. Hulipa pale bidhaa zako mwenyewe zinapoungua, kuibwa au kuvunjika safarini. Mfinyanzi anayehofia vyungu vyake kuvunjika katika basi au meli anahitaji hii. Yule anayehofia vyungu vyake kumdhuru mtu anahitaji ile ya pili.

Hati ya dhima kwa umma haibebi dhima ya bidhaa ila iwe imeandikwa hivyo. Muuzaji anaweza kulipa ada mwaka mzima akidhani ana kinga, kumbe kinga yake inaishia mlangoni mwa kibanda.

Bima ya soko si bima ya muuzaji

Mkanganyiko mwingine unatokana na mabadiliko ya karibuni. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na mjadala kuhusu bima za masoko ukapamba moto nchini kote.

Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2022 iliirekebisha Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na kuweka bima ya lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na vyombo vya majini.

Baadhi ya wafanyabiashara wanaamini kwamba kwa sababu soko lina bima, nao wana bima. Sivyo. Bima inayokatwa na mwenye soko inamhusu mwenye soko. Ndoo za vyungu za mpangaji hazimo ila zimetajwa, na dhima ya mpangaji kwa wateja wake ni habari nyingine kabisa.

Kadhalika, anayeajiri vijana wa kumsaidia asitarajie bima ya dhima kwa umma iwalipe wakijikata na panga au kuungua tanuruni. Madhara ya kazini yana utaratibu wake chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Yanayoachwa nje

Mkataba wa dhima, kwa kawaida, hulipa fidia ya majeraha au uharibifu wa mali ya mtu mwingine, pamoja na gharama za kesi, hadi kiwango cha juu kilichoandikwa. Zipo hasara ambazo aghalabu haigusi.

Haimrudishii mnunuzi bei ya chungu kibovu, wala hailipi faini ya serikali. Hailipi pia hasara ya kuchelewesha oda ya hoteli, wala madhara yaliyofanywa kwa makusudi.

Watengenezaji wa mitumbwi wawe waangalifu zaidi. Mtumbwi ni kazi ya mikono kama kinu, lakini mbele ya kampuni ya bima ni chombo cha majini, na mikataba mingi ya dhima huviondoa vyombo hivyo. Fundi wa mitumbwi aulize mapema na apewe jibu kwa maandishi.

Mara nyingi mkataba hutaja pia kiasi ambacho mwenye bima atakibeba mwenyewe katika kila dai. Kikiwa kikubwa kuliko madai ya kawaida ya biashara yake, bima hiyo itamsaidia katika janga kubwa tu.

Jambo jingine la kuuliza ni bima ya mwaka gani italipa. Ipo mikataba inayoangalia siku madhara yalipotokea, na ipo inayoangalia siku dai lilipowasilishwa. Chini ya aina hii ya pili, fundi aliyekuwa na bima mwaka jana na kuiacha mwaka huu anaweza kukosa kinga kwa chungu alichokiuza mwaka jana.

Pole si kukiri kosa

Ugumu mkubwa kwa watu wa kwetu unaweza kuwa katika sharti moja linalokutwa katika mikataba mingi ya dhima. Sharti hilo linamkataza mwenye bima kukiri kosa, kuahidi malipo au kufanya suluhu bila ridhaa ya kampuni.

Katika vijiji vya Umatengo na vya mwambao, mtu akiumia kwa kitu chako unakwenda kumjulia hali, unampa pole na kuzungumza na wazee wake. Kutokwenda ni dharau, na huweza kuzua ugomvi kuliko jeraha lenyewe.

Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Kumpeleka majeruhi zahanati, kumpa pole na kumtembelea ni utu, wala si kukiri. Kinachoweza kuharibu dai ni kusema au kuandika kwamba "kosa ni langu, nitalipa kiasi fulani" kabla kampuni haijaarifiwa.

Kwa hiyo muuzaji aliyepatwa na tukio aiarifu kampuni au wakala mara moja, atunze kitu kilichovunjika, apige picha na aandike majina ya mashahidi. Wazee waelezwe waziwazi kuwa ipo bima, na kwamba mazungumzo ya fedha yangoje majibu yake.

Kikundi hupunguza mzigo

Gharama ya ada hutegemea aina ya bidhaa, mauzo ya mwaka, mahali zinapouzwa na kiwango cha fidia kinachotakiwa. Kampuni huwa na ada ya chini isiyopungua, kwa kuwa kuandaa hati ya mtu mmoja kuna gharama zake hata mauzo yake yakiwa madogo.

Kwa sababu hiyo kikundi kina nafuu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama ada ya hati moja ni sh. 600,000 kwa mwaka, fundi mmoja ataiona mlima. Wanakikundi 40 wakiigawana, kila mmoja atatoa sh. 15,000, yaani sh. 1,250 kwa mwezi.

Vikundi vya namna hiyo vipo tayari. Vingine viliundwa ili kupata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye katiba, usajili na akaunti ya benki kinaweza kuzungumza na kampuni ya bima kama mteja mmoja.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, kiwango cha fidia katika hati ya kikundi huweza kuwa cha wote, hivyo ajali kubwa ya mmoja ikakimaliza kabla mwaka haujaisha. Pili, majina na bidhaa za wanachama yaandikwe kwenye hati, na kila anayejiunga baadaye aongezwe.

Bidhaa zinapovuka mipaka

Kwa wenye ndoto ya kuuza Ulaya, suala hili si la hiari tena kwa vitendo. Tangu mwaka 1985 sheria ya Umoja wa Ulaya inamruhusu aliyedhuriwa na bidhaa mbovu kudai bila kuthibitisha uzembe, na inamhesabu mwagizaji kama mtengenezaji.

Tangu tarehe 13 Desemba 2024, kanuni mpya ya usalama wa bidhaa inataka pia bidhaa iwe na mhusika aliyeko ndani ya Umoja huo, na itambulishe aliyeitengeneza. Kanuni hiyo inagusa hata bidhaa zinazouzwa kwa mtandao.

Si ajabu basi mwagizaji akimtaka muuzaji wa Tanzania aonyeshe hati ya bima. Nchini Uingereza na Marekani, waandaaji wengi wa maonyesho ya kazi za mikono humtaka kila mshiriki awe nayo kabla ya kupewa meza.

Anayekata bima hapa nchini kwa ajili ya mauzo ya nje lazima asome kifungu cha mipaka ya nchi. Mikataba mingi huishia Tanzania au Afrika Mashariki, na hata ile inayofika mbali mara nyingi huondoa Marekani na Kanada, ambako fidia zinazoamriwa na mahakama ni kubwa.

Nani anaihitaji, na aanzie wapi

Si kila anayesuka anahitaji bima hii. Mama anayeuza mikeka mitatu kwa mwezi kwa majirani zake hana hatari kubwa, kwani ni vigumu mkeka kumjeruhi mtu. Fedha zake zitamfaa zaidi kwingineko.

Anayeuza vitu vinavyobeba moto, uzito au watoto yuko katika hali nyingine. Vyungu vya kupikia, majiko ya udongo, viti, vitanda, ngazi na vitu vya kuchezea watoto ni vya kundi hilo. Vivyo hivyo anayeuzia hoteli, shule au maduka ya mijini, na anayeshiriki maonyesho kama Sabasaba na Nanenane.

Mwenye kuamua kukata bima ahakikishe kuwa kampuni, wakala au dalali amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Tangu mwaka 2019 benki nazo zimeruhusiwa kuuza bima kwa niaba ya kampuni, jambo linalowasaidia wakazi wa miji kama Mbinga wasio na ofisi nyingi za bima.

Aeleze ukweli wote: anatengeneza nini, kwa zana gani, anauza wapi na kama amewahi kudaiwa. Anayeficha kwamba vyungu vyake vinapikiwa na kusema ni vya mapambo huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Asidhani pia kuwa kinga imeanza kabla hajalipa ada na kupewa risiti.

Akinyimwa malipo na kuona hakutendewa haki, hana haja ya kukimbilia mahakamani. Anaweza kulalamika TIRA au kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Bado kinga ya kwanza iko mikononi mwa fundi mwenyewe. Wafinyanzi hugonga chungu na kusikiliza mlio kabla ya kukitoa, kwa kuwa kilichoiva hulia na chenye ufa huziba sauti. Chungu cha mapambo kiandikwe hivyo, kigoda kijaribiwe kwa uzito wa mtu mzima, na daftari lionyeshe nini kiliuzwa kwa nani na lini.

Daftari hilo ndilo kampuni ya bima itakaloliomba kabla ya kupanga ada, na ndilo hakimu atakaloliomba kabla ya kutoa hukumu. Gharama yake ni daftari moja na kalamu.